Nusu ya Lile

Mkate wa kwetu Kutaisi una ncha mbili, kama mwezi mchanga,
na hubanduliwa ukutani mwa tanuri ungali unapumua.
Kila saa tisa, wakitoka shule, dada yangu Tekle na rafiki yake Lile
waliukata katikati kwa mikono, pale darajani,
ncha moja huku, ncha moja kule,
wakiungua vidole na kucheka,
nami nyuma yao nikidoea makombo.

Halafu Lile akalazwa.
Ni damu, walisema wakubwa, wakafunga mlango.
Dawa zilimgeuza ulimi ukawa bati,
hata maji yalimshinda kumeza.
Tekle akamwambia (nilisikia, mimi ndiye niliyeshika maua):
"Basi nami sili. Siku utakayokula, tutakula."
Wakafungana vidole vidogo.
Ahadi ya watoto. Nani angeiandika?

Lile alikufa Februari, hajala.

Siku ya mazishi tulipewa wali wa uyoga, ule wa msiba,
na wanaume wakamimina divai juu ya mkate
ili marehemu naye apate fungu lake.
Tekle aliutazama mkate ukilowa, ukilowa,
akainuka, akaenda kusimama kwenye theluji bila koti.

Tangu hapo nyumba yetu ikajifunza uongo.
Nimekula shuleni. Nimekula kwa kina Salome.
Nilikuta kipande ndani ya buti la baridi,
kingine ndani ya piano, chini ya nyuzi zile nene,
kigumu kama kokoto ya mto.
Sikusema. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
nikidhani kumfichia mtu siri ndiko kumpenda.
Mama alipika biringanya kwa jozi,
akaiweka sahani, akaiondoa sahani.
Baba alipiga meza. Meza haikujibu.
Ngazi za ghorofa ya nne zikawa mlima,
Tekle akipumzika kila kituo, akisingizia kiatu.
Na mwanamke wa duka la vitambaa akamsifu kiuno!
Mpaka leo napita upande wa pili wa barabara.

Jina hatukulitaja tena mezani.
Tulisema jambo lile, juma lile,
na kila tulipolikwepa lilikuja lenyewe,
likavuta kiti.

Daktari wa Tbilisi, miwani kichwani,
hakuanza na mizani. Aliuliza:
"Unamsubiri nani?"
Tekle hakumjibu. Treni ilitufikisha nyumbani
bado hajajibu.

Mwezi wa Mei akaja Nargiza, mama yake Lile,
bila kubisha hodi,
mkate ameufumbata kifuani kama mtoto wa kuazima.
Hakubembeleza, hakukaripia.
"Ahadi yenu niliisikia," akasema,
"nilikuwa nyuma ya pazia nakunja nguo.
Ningeivunja palepale. Nikanyamaza, ilinipendeza
kwamba mwanangu anapendwa hivyo.
Nisamehe.
Deni lile nimelichukua mimi. Ni mama yake, naweza."
Akaukata.
Akaila nusu ya Lile mbele yetu, taratibu,
analia mdomo umejaa,
mpaka kwenye ncha.

Tekle hakula. Nisikudanganye, hakula.
Aliilaza nusu yake gotini kama paka mgonjwa,
akaipapasa, mkate ukapoa,
Nargiza akaaga akaenda zake.

Ila usiku huo, maji ya bomba yakiwa yamekatika,
mtaa mzima kimya,
nikasikia jikoni sauti ndogo, kavu,
ya ganda likivunjika.
Kisha kimya kirefu, nikahesabu mpaka nikapotea.
Kisha tena.

Sikuwasha taa. Sikumwita mama.
Nilikaa kitandani gizani
nikitafuna pamoja naye, mdomo mtupu.