Mwanahisa Mpya

Neno "ushirika" nililijua kabla sijaijua baiskeli.
Kwetu Maswa lilikuwa ghala la bati lenye kufuli mbili,
marobota ya pamba yamelala kama ng'ombe waliochoka,
na mizani iliyotundikwa juu
pale ambapo macho ya mama hayakufika.
Karani akisoma, sisi tukiitikia.
Kilo arobaini zilizotoka nyumbani
zilifika kwake thelathini na sita.
Nne zimepeperuka, alisema. Upepo, mama, upepo.

Basi Darlene aliponiambia, Winnipeg, Mtaa wa Sargent,
mwezi wa tatu, theluji imegeuka uji wa majivu kando ya barabara,
"Limi, hapa hatuna bosi, hiki ni chama cha ushirika,"
nilitabasamu kwa adabu
huku macho yakitafuta mizani iko wapi.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Mimi saa ya kwanza nilikabidhiwa spana namba kumi na tano
na baiskeli nyekundu isiyo na mwenyewe,
pedali zimeshika kutu kama kinyongo cha ndugu.
"Ya kushoto hufunguka kinyume," Rodelio akaonya,
lakini nilikuwa nimekwisha kuikaza,
kwa nguvu zote za mtu anayetaka kusifiwa.
Hakucheka. Alileta bomba refu,
akalivika mpini wa spana kama soksi,
tukaning'inia wawili, Mfilipino na Msukuma,
hadi chuma kikalia ka!
na gololi moja ikatoroka chini ya meza.
Tuliitafuta kwa magoti. Hatukuipata mpaka leo.

Mchana walikuja.
Tesfalem, mpeleka vyakula, breki zake zimeisha
na usiku ana oda za pizza hadi saa saba.
Bi Halyna na baiskeli ya marehemu mumewe:
hataki tairi, hataki mnyororo,
anataka kengele ilie tu, basi.
Mtoto wa jirani, Keegan, Mkrii, miaka kumi na miwili,
anayelipia fremu yake kwa saa za kufagia,
akanifundisha kunyoosha ringi:
usiitazame spoku, isikilize.
Kiingereza chetu sote ni tyubu ya viraka,
lakini kinashika upepo.

Jioni, kikao. Ndoo saba zimepinduliwa, ndivyo viti.
Hoja: tyubu ipande dola moja.
Mikono ikaanza kuinuka,
wangu umejificha mfukoni mwa aproni.
"Limi? Nawe una kura."

Nikasema, nioneshe daftari kwanza.

Kimya kile nakikumbuka. Hita ilikoroma.
Kisha Darlene akalisukuma kwangu,
kurasa zina madole ya grisi,
kodi, gesi, viraka, mapipa ya mafuta,
nikajumlisha kwa kidole, kwa Kisukuma, kimoyomoyo,
nikajumlisha tena.
Zimepungua dola nne.

Nne!
Nilihisi bati la ghala likipata moto juu ya kichwa changu.

Rodelio akajipiga kipaji. "Kahawa ya Jumanne!"
Akachimba mifuko yote miwili,
akamwaga sarafu mezani, pamoja na nati na ganda la peremende.
Hakuna aliyeutaja upepo.

Nyuma ya mlango nikaiona mwishowe,
mizani ya kupimia vyuma chakavu,
imekaa sakafuni, hata mtoto anaisoma.
Mshale kwenye sifuri.
Niliugonga kwa ukucha mara mbili. Sifuri.

Nikapiga kura ya hapana,
kwa sababu ya Keegan, na ya Tesfalem.
Tulishindwa, wawili kwa watano.
Nilitembea hadi nyumbani kwenye ule uji wa majivu,
mikono inanuka dizeli,
na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu kituoni:
nimeshindwa,
na nimehesabiwa.