Upande wa Mdaiwa

Daftari langu limeliwa na mende pembeni.
Miaka kumi na tisa naandika humu
majina ya wanawake waliotoka na mkoba mmoja:
Mkasi wa Kangagani, talaka kwa simu ya mkononi;
Bikombo wa Mtambwe, watoto sita, matumizi kopo la unga;
na Chumu, aliyeulizwa, "Risiti iko wapi?"
akaweka mikono juu ya meza ya mahakama,
vidole vyeusi kwa kuchambua karafuu usiku kucha,
akasema, "Hizi hapa. Kumi."
Kadhi alivua miwani, akaifuta.
Siku ile hatukushinda. Tulipewa tarehe nyingine.

Wete wananijua. Nikiingia dukani
mazungumzo hukatika kama uzi.
Mvunja majumba huyo.
Mie nanunua sukari yangu, nahesabu chenji.
Nyumba nimeikuta chini,
naivunja vipi mara ya pili?

Jumatatu moja, mvua imeshika, akaja Zuwena.
Wifi yangu, mzoefu wa mlango wa uani,
siku hiyo alipita mbele,
akakaa kwenye benchi na wenziwe, akangoja zamu.
Miche arubaini, alisema.
Aliimwagilia kwa ndoo, mimba ya Raya tumboni.
Sasa mikarafuu imezaa,
na yeye kapewa karatasi.
"Mdaiwa nani?" nikauliza, maana fomu inauliza.
"Wifi, unamjua."
"Sharti useme wewe."

Faki Asaa Haji.

Kalamu ilikwama kwenye Asaa.
Ndiye aliyenifunza alifu kwa kipande cha makaa
mlangoni, mama akigomba kwa kuchafuliwa ubao.
Jina lake likakaa upande wa mdaiwa,
na chini kabisa, penye msaidizi wa sheria,
likakaa tena.

Mama hajanisemesha tangu mfungo mosi.
Neno lake la mwisho: mate ukiyatema juu
yatakuangukia usoni.
Sikumjibu. Nilijipangusa tu,
kama vile yameshaanguka.

Alhamisi, saa tatu, tutaitwa.
Nyundo ya Faki ingali kwangu;
mwaka jana aliniezekea bati, hakutaka hata senti,
na mvua hii yote sijatega ndoo.
Jumatano jioni nitampelekea kwa mkono wangu.
Nitabisha hodi. Akifungua, nitampa.
Asipofungua, nitaiweka kizingitini,
mpini umwelekee yeye.