Kilichonitoka Mimi

Nyuma ya chupa kubwa ya matango ya siki
Radim ameficha vichupa vinne.
Ameficha, nasema, kama mtu afichaye ng'ombe
ndani ya kitanda cha mchicha:
nani asiyeona
mume wa miaka arobaini na tisa
akipasua mashati mabegani?

Ostrava, Januari. Dirishani mnara wa mgodi,
gurudumu limeganda tangu walipoufunga.
Siku ile alirudi na viatu mkononi,
akavipanga juu ya gazeti, vikachuruzika maji meusi,
kisha akateremka ghala la chini kunyanyua chuma.
Aliyezoea kushuka
hatakosa pa kushukia.

Jumatano ni sindano. Paja la kushoto,
wiki ijayo la kulia. Mimi hushika pamba.

Mwezi wa tatu alisimama mlangoni mwa bafu:
"Vlasta, gusa hapa."
Chini ya chuchu, punje,
ngumu kama kokwa ya cheri.
Nikagusa. Akaruka,
yeye abebaye kilo mia mbili mgongoni
bila kufinya jicho.

Akanieleza akitazama vigae.
Dawa ikizidi mwilini haikai bure;
mna kimeng'enya humo, karani asiyesema,
anapokea noti za kiume
na chenji anarudisha ya kike.
"Estrojeni," akanong'ona,
kama anayetaja jina la mdai.

Nilicheka hadi nikakaa ukingoni mwa beseni.
Mimi nina hamsini na mbili. Usiku nalowesha shuka,
nafungua dirisha theluji iniingilie.
Dakta Hrubá amenipa kibandiko cha tumboni,
homoni ileile,
kwa cheti, kwa muhuri, kwa foleni ya duka la dawa!
Kilichonitoka mimi
kimehamia upande wa pili wa kitanda.

Uso wake ukaumuka kama unga wa hamira.
Pete ikagoma kidoleni.
Taarifa ya habari ilipoonyesha mbwa aliyeopolewa barafuni
alilia, akasema ni kitunguu.
Hatukuwa tumepika kitunguu.

Ndipo Čeněk, mwenye jimu, akampa tembe
ndani ya kiberiti kitupu. "Meza, itakauka."
Ikakauka.
Ikakauka hadi magoti yakalia kama bawaba,
hadi ngazi kumi na nne zikawa safari,
na usiku ule nilipomtafuta
aliurudisha mkono wangu kwa adabu,
kama mgeni arudishaye sahani ya pili.
Kumbe na wanaume wanaihitaji.
Kidogo. Kama chumvi:
ikizidi huli, ikikosekana huli.

Nikamburuta kwa Dakta Hrubá.
Chumba cha kungojea, wajawazito watatu,
picha ya mfuko wa uzazi ukutani,
na Radim kwenye kiti cha plastiki,
amekumbatia koti lake kama mtoto wa kuazima.

Dakta alisoma karatasi ya damu mara mbili.
Damu nzito. Ini linalalamika. Shinikizo, usiulize.
Akavua miwani.
"Nani anakupimia dawa?"
"Čeněk."
"Amesomea nini?"
Kimya kirefu.
"Ana jimu."

Mjamzito mmoja nje akacheka; mlango haukuwa umefungwa.

Usiache zote kwa siku moja, alisema, utaporomoka;
njoo kila wiki tushuke pamoja.
Radim aliposikia neno kushuka
akainua kichwa.

Mashindano ni Mei. Chupi ya jukwaani, ya buluu,
niliyoishona mwenyewe, imo drooni.
Hajaniambia itavaliwa au la.
Usiku mimi natupa blanketi, yeye analivuta.
Hapo tu ndipo hesabu yetu inapolingana.

Leo nimefungua friji kutafuta tango.
Vichupa vitatu.
Nimesimama hapo, mlango wazi, baridi ikinipoza shingo,
sijui nishukuru
au nihesabu tena.