Ukurasa wa Mia na Kumi na Tatu

Niliuza viazi, gunia kumi na saba,
nikakopa kikoba, nikaweka cherehani rehani,
nikashuka Mwanjelwa na riwaya yangu kwenye flashi
iliyoning'inia shingoni kwa uzi wa sufu.
Ambakisye wa mashine akauliza: Nakala ngapi?
Nikasema mia tano, kwa sauti ya mtu
anayeagiza supu na mfukoni ana nauli tu.

Vikapanda Tukuyu juu ya mifuko ya mbolea.
Kamba ya boksi la kwanza niliikata kwa meno.
Tupokigwe: herufi tisa, hata moja haikukosewa.
Mume wangu akanusa karatasi, akanusa tena,
akasema, Kinanuka kama Januari ya shule.

Wiki ya kwanza, sitini.
Sitini! Wanakwaya, mwalimu Gwamaka, nesi wa Makandana,
na dada wa benki aliyetoa elfu nane
bila kuomba apunguziwe.
Nikaanza kutembea katikati ya barabara.
Nikaanza kusema "wasomaji wangu".

Kisha Gwamaka akaja, kitabu kifuani
kama aliyetumwa na wafiwa.
Dada, hapa pana weupe.

Ukurasa wa 113. Mweupe kama shamba la pareto.
Ndipo Sekela anapomwambia mama yake
kwa nini alirudi usiku ule kutoka Chunya.
Kitabu kizima kinapanda mlima kwenda hapo,
na kileleni hakuna mtu.

Ambakisye alisema mashine ilimeza.
Alisema pia kwamba mashine haitapiki hela.
Nikatoa kopi ya ukurasa mmoja mara mia nne arobaini,
nikapika gundi ya unga wa ngano,
wiki mbili tukabandika, mimi na watoto,
mvua inagonga bati kama mwenye chake ndani.
Kila kitabu kikavimba hapo katikati,
shavu la mtu mwenye jino bovu.

Halafu kimya.
Ukungu wa nje ukaingia chumbani,
ukaingia kwenye maboksi,
ukawa ukungu wa aina ya pili.
Cherehani yangu inashona nyumba ya tatu kutoka kwangu.
Naijua kwa sauti. Inahitaji mafuta.

Julai, namba ngeni. Kijana, yuko Vwawa.
Samahani mama, 113 umeandika nini?
Wale sitini nawajua kwa majina na kwa madeni;
Vwawa simjui mtu.
Umenunua wapi? Stendi. Elfu tatu.
Jalada rangi gani? Nyeusi na nyeupe.
Langu ni la kijani. Kijani cha chai.
Kijani nilikilipia.
Mwizi hakusahau chochote,
hata namba yangu ya simu pale nyuma.

Nilikaa juu ya gunia. Matusi yakapanga foleni
kwa Kinyakyusa, kubwa mbele, dogo nyuma.
Lakini kijana alikuwa anasubiri.
Alisema siku mbili kahawa yake imelala juani
haijageuzwa, kwa sababu ya Sekela.
Nikafungua penye uvimbe,
nikamsomea, taratibu, hadi chini.
Upande wa pili hapakuwa na neno.
Kisha pua ikavutwa.

Tangu hapo wamepiga wa Mlowo, wa Igawa,
mlinzi mmoja wa usiku anayenong'ona.
Nawaandika kwenye daftari la viazi: mia moja na tisa.
Chini ya kitanda nina vitabu mia tatu tisini na moja,
vyote kamili.
Alhamisi ni kikoba, na sijui nitasema nini.

Jana mama wa Makete alisikiliza mpaka mwisho,
akasema, Hapana.
Sekela hawezi kumwambia mama yake hivyo.
Soma tena.
Nikasoma tena, viazi vinaungua jikoni,
na kwenye mstari wa tisa sauti yangu ikakwama.
Ngoja, nikamwambia, usikate,
natafuta kalamu.