Kwa Minda, Kabla Hujafunga Sanduku

Minda, usilete feni.
Najua mama aliinunua kwa pesa ya nguruwe,
najua utaikumbatia mpaka uwanja wa ndege.
Mwachie jirani.
Lete ukwaju wa pakiti, ule mkali, pakiti ishirini.
Wa huku Gothenburg wameutia sukari, haukunji uso.

Mtafika Novemba. Sikuchagua mimi, ni barua ya hospitali.
Saa kumi kasorobo jua limeshafunga duka,
na Jerwin atauliza mbona hatujala chakula cha usiku.
Usiwalaze. Washa taa zote, kaanga kitu, pigeni kelele.
Matone ya vitamini kila asubuhi,
kabla ya sala au baada, hilo mwamue na Mungu.
Na vile vibandiko ving'aavyo, shona kwenye makoti yote:
gizani dereva hamwoni mtoto, anaona kibandiko.

Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Huku hata jembe lina foleni.
Chukua namba kwenye duka la dawa, chukua namba benki,
lakini kwanza ile namba kubwa, ya ofisi ya kodi.
Bila hiyo hata maktaba haikujui.

Chumba cha kufulia kiko chini ya jengo, kina daftari.
Andika jina na saa. Saa ikiisha, toka,
hata kama soksi zinachuruzika.
Mwaka wangu wa kwanza nilikuta karatasi mlangoni,
maneno sita na alama ya mshangao.
Nilikaa ngazini nikalia, nikijua wananifukuza nchini.
Usiku nikaifasiri kwa kamusi, neno baada ya neno:
*Tafadhali safisha chujio la mashine!*
Basi.
Safisha chujio, Minda.

Ukialikwa saa kumi na mbili, fika saa kumi na mbili,
na waje waliotajwa tu.
Mimi nilialikwa peke yangu
nikaenda na mume, watoto watatu na binamu Dodong.
Walikata viazi vipande vipande, kwa adabu kubwa,
hakuna aliyesema neno. Dodong aliomba wali.
Vua viatu mlangoni. Kagua soksi kabla hujatoka kwako.

Ukiona mtoto mchanga amelala nje ya mkahawa
kwenye kigari, theluji ikimdondokea shuka,
usiite polisi. Mama yake yuko ndani, anakunywa kahawa.
Nilishamlinda mmoja robo saa nzima.

Kwenye tramu kiti cha pembeni yako kitabaki wazi.
Mara nyingi si ngozi yako, ndivyo walivyo.
Mara nyingine ni ngozi.
Baada ya mwaka utajua kutofautisha,
na ningependa kukwambia vingine.

Ifikapo Pasaka watoto watakusahihisha matamshi dukani.
Waache. Lakini bibi akipiga simu
waseme *po* kila mwisho wa sentensi,
hapo usilegeze hata kidogo.

Samaki mkavu kaanga Jumapili, dirisha wazi, mlango umefungwa.
Gunvor wa ghorofa ya tatu atagonga.
Usijifiche jikoni kama nilivyojificha.
Anakuja na sahani.

Mwezi mbaya si Desemba; Desemba kuna mishumaa madirishani.
Ni Februari. Februari utasema unarudi nyumbani,
na Rodelio atasema twende.
Msinunue tiketi yoyote Februari.
Ngojeni Aprili: siku moja utawakuta watu wazima
wameegemea ukuta wa benki, macho wamefumba,
nyuso zimeelekea juani, makoti yamefunguliwa vifungo viwili.
Hakuna msiba. Tafuta nafasi ukutani, usimame nao.

Sufuria ya wali ninayo ya ziada,
mfuniko una ufa lakini inaivisha.

Na feni, haya, lete.
Julai iliyopita tulilala sakafuni
tukijipepea kwa barua za ofisi ya kodi.