Dudu Liumalo

Mapipa arobaini yameshushwa gati namba mbili,
ya buluu, kila kifuniko na lakiri yake,
na mimi nina fomu na kalamu inayovuja.
Jina la kemikali. Uzito. Nchi itokako.
Safu ya mwisho huijaza polepole:
itatumika kwa nini?

"Dawa ya mdudu, dada," asema wakala, Hoza,
macho kwenye saa. "Ya michungwa. Muheza."

Muheza naijua.
Mjomba Semkiwa alipulizia michungwa ya watu Mkanyageni,
kipande cha kanga puani, bomba mgongoni,
hadi siku upepo ulipogeuka ukamrudishia.
Walimleta Bombo kwa pikipiki, kabanwa kati ya watu wawili,
mate yakimtoka kama mtoto anayeota meno,
nyama za mashavu zikicheza zenyewe,
mboni zimesinyaa, tundu la sindano.
Akauliza, mbona mmezima jua?
Ilikuwa saa saba mchana.
Sista Mamvua alimchoma sindano, akamtazama macho, akachoma tena,
usiku kucha, akihesabu pumzi kwa kugonga chuma cha kitanda.
Aliishi. Mikono haikutulia tena.
Chai twamjazia nusu kikombe.

Baadaye, semina, nilifundishwa ukoo wa dawa ile:
kwamba kabla ya vita vikuu vya pili, huko Ujerumani,
mtu alitafuta cha kuua wadudu wa mashambani,
tone likadondoka mezani,
na yeye na msaidizi wake wakaona taa zimefifia.
Giza lilelile la mjomba.
Wakaja wenye magwanda, wakauliza:
na mtu je?
Halabja ikajibu. Treni za chini ya ardhi za Tokyo zikajibu.

Sisi Tanga tuna kisa chetu cha wadudu.
Mwaka wa kumi na nne jeshi lilishuka kutoka melini,
risasi zikapasua mizinga, na nyuki
hawakuuliza yupi wa Mwingereza yupi wa Mjerumani.
Shuleni tulicheka: askari mbio, bunduki chini!
Sasa nafikiri, nyuki akishachoma hufa.
Hana ghala.

Wenye maghala walitia saini mwaka tisini na tatu
na ikawachukua miaka thelathini kuyateketeza,
pipa kwa pipa,
hadi la mwisho waliloungama kuwa nalo.
Waliloungama.
Neno hilo, kwenye daftari langu la semina, nililipigia mstari
mpaka karatasi ikachanika.

Hoza anakohoa. "Tunachelewa, dada."
"Fungua la thelathini na saba."
"Si imeandikwa ni dawa?"
"Hata la mjomba liliandikwa."

Dudu liumalo usilipe kidole, ndivyo tulivyoambiwa.
Hawakusema kidole cha nani kitafungua kifuniko.
Navaa glavu.
Namvuta Hoza kwa mkono wa shati,
asimame huku, upande upepo unakotoka.