Mgongo wa Nyumba

Nyumba njema si mlango.
Lakini hapa Cromarty mlango una faili lake,
faili lina namba, na namba ina bwana wake,
Pettigrew wa halmashauri, apandaye baiskeli kwenye mvua
na kuvua kofia kabla ya kugusa ukuta.

Nilimwambia: ni upande wa nyuma tu.
Hapiti mtu huko ila paka wa kina Farquhar.
Mbele ni kaskazini. Vyumba vyote vizuri
vimekaa kizani tangu yule mfanyabiashara wa kamba
alipovijenga, elfu moja mia saba themanini na tatu,
akikodolea macho bandari iliyobeba fedha zake
na jua akalipa kisogo.

Nataka chumba cha vioo, nikasema. Mita tatu kwa nne.
Nikiweke kiti, na miche ya nyanya, na mguu huu mbovu.

Akasema: nyuma nako ni nyumba.

Mchoro wa kwanza ulirudi na wino mwekundu:
paa limepanda hadi dirisha la ngazi.
Wa pili: fremu za plastiki
(neno hilo aliliandika kama mtu anayemwinua panya kwa mkia).
Wa tatu niliuchora mwenyewe, usiku, meza ya jikoni,
na huo ulirudi na masharti.
Chokaa, si saruji.
Boliti zipite kwenye viungo, zisitoboe jiwe.
Na hili, lililonikalisha chini:
kijengwe kwa namna ambayo, siku kikiondolewa,
ukuta usijue kwamba kiliwahi kuwapo.

Nilimtazama.
Nina miaka sabini na mmoja.
Nyumba hii imekwisha kuondolewa watu wawili
na ukuta unajua.

Mwezi wa tano, Innes mwashi alibandua lipu kuukuu.
Chini yake mawe, mekundu kama ufizi,
na kwenye mawe mfuo uliochongwa kwa patasi,
ukiteremka mshazari kutoka kushoto,
na ndani yake kipande cha risasi kilichojikunja
kama ulimi wa kiatu.
Paa. Hapa paliwahi kuegemea paa.
Mtu fulani, kabla ya picha, kabla ya faili:
kibanda cha kufulia, labda, au zizi la nguruwe,
au mwanamke aliyechoshwa na kaskazini.

Nilicheka mpaka Innes akashuka ngazi kuniangalia.
Nikampigia Pettigrew simu: njoo uone, nimetanguliwa!

Alikuja. Akavua kofia. Akapiga magoti kwenye tope,
akauchora mfuo ule inchi kwa inchi, dakika arobaini,
kisha akasema, kwa upole wa daktari,
kwamba huo nao sasa unalindwa.
Usifunikwe.
Paa lako lishuke shubiri moja.

Nikalishusha. Ungefanyaje?
Sasa kila aliye mrefu huingia kwa kuinama.
Pettigrew mwenyewe, siku ya ukaguzi, aligonga paji la uso,
akaomba radhi. Sijui aliniomba mimi
au aliuomba mwamba wa mlango.

Ni Februari. Saa tano na dakika kumi
jua linaruka ukuta wa kina Farquhar,
linapenya kioo, linauvaa mguu wangu,
linapita kwenye mche mmoja uliokataa kufa,
halafu, juu ya paa la kioo, linaufuata ule mfuo
polepole, kama anayesoma kwa kidole
barua ambayo hakuandikiwa yeye.
Saa saba limekwisha kwenda zake. Chai imepoa.

Boliti ni kumi na sita, nimezihesabu.
Innes ameniachia spana yake.
Nimeitundika msumarini, nyuma ya mlango,
mahali ambapo mgeni ataiona.